Babu hakuwa mfupi

Bibi yangu hapigi simu, anabipu. Inaita mara moja, inakatika, kisha mimi ndiye wa kumpigia. Kwa hiyo Jumapili ile simu yake ilipoita bila kukatika, niliogopa hata kuipokea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hebu njoo umwone mume wetu alivyofanywa."

Mume wetu ni babu, na babu tulimzika miaka sita iliyopita. Nikamuuliza mume wetu yuko wapi.

"Yumo humu kwenye deki. Wamemfupisha."

Hiyo deki aliletewa na mjomba kutoka Maskati alipokuja kula Idi. Ni zile za kubeba, unaifunua kama kitabu: diski inakaa chini, kioo cha inchi 7 kinasimama juu. Kwa bibi ni kitu cha maana kweli, maana nguzo za umeme zimepita ng'ambo ya barabara na kwake hazijaingia. Ana sola tu. Chaja ya deki imeandikwa volti 12, kiboksi cha sola nacho kinatoa 12, basi wameelewana. (Ukitaka kuunga ya kwako soma kwanza maandishi ya kwenye chaja. Zipo za volti 9.)

Mimi nafanya kazi steshenari, Ngamiani, Tanga mjini. Kopi, kuchapa barua, lamination, paspoti saizi. Ugomvi wangu na wateja karibu kila siku ni mmoja: watu kuvuta picha. Mtu analeta picha ya marehemu mzazi wake iwekwe kwenye bango, nafasi iliyoachwa ni pana, basi anataka nimvute mzee kwa ubavu mpaka ajaze. Nakataa. Picha inavutwa kwa kona, ikienda kwa ubavu umeshamtengeneza mtu mwingine. Kwa hiyo bibi aliposema wamemfupisha, nikajua hajafupishwa mtu. Amepanuliwa.

Jumamosi nikapanda gari la Muheza, na rula nimeitia kwenye mkoba.

Diski yenyewe ni ya harusi ya shangazi, mwaka 2005. Ilipigwa kwa kamera ya mkanda, baadaye ikahamishiwa kwenye DVD. Enzi zile tuliitazama kwa jirani kwenye TV ya chogo, na babu alikuwa babu: mzee mrefu, mwembamba, anayeinama kila anapopita mlangoni. Sasa anaingia kwenye kioo cha Maskati, kanzu imemjaa kama gunia la mkaa, shingo hana. Shangazi naye, bibi harusi, mashavu kama maandazi yaliyoumuka.

"Umeona?" bibi akasema. "Babu yako hakuwa mfupi."

Nikasimamisha picha mahali wapiga dufu wamenyanyua dufu zao mbele ya kamera. Dufu ni duara, na duara halina mjadala. Nikaweka rula kwenye kioo: upana milimita 24, urefu wa kwenda juu milimita 18. Ukigawanya 24 kwa 18 unapata moja na theluthi, na hiyo theluthi ndiyo kesi nzima. Picha ya zamani ina umbo la nne kwa tatu. Kioo cha deki ni kumi na sita kwa tisa. Ukiichukua ile ya kwanza ukaitandaza mpaka ijaze ya pili, kila mtu anaongezewa theluthi ya upana wake na hapewi hata nywele moja ya urefu. Huna haja ya rula kama hupendi. Tafuta saa ya ukutani, sahani, gurudumu la gari. Likiwa yai, kuna mtu amevuta.

Ningeishia hapo kazi ingekuwa fupi. Lakini binamu yangu, ambaye ndiye fundi wa nyumba ile kwa kujiteua, akasema deki ina ugonjwa mwingine. Akaweka filamu yake ya Kihindi. Hiyo nayo watu walikuwa bapa, na zaidi ya hapo kulikuwa na mikanda myeusi minene, mmoja juu, mmoja chini. Katikati kumebaki ukanda mwembamba. Nikaupima: karibu sentimita 5, wakati kioo kizima kina 8.7.

Bibi akasema sinema imevaa ninja.

Hapo inabidi nieleze kinachoendelea humo ndani. Deki ya kubeba ni kama nguo inayopita kwa mafundi wawili: mmoja anakata, mwingine anashona, na hawajaonyeshana vipimo. Fundi wa kwanza ni msomaji wa diski. Wa pili ni kioo. Kila mmoja ana mpangilio wake wa umbo la picha, kila mmoja unabadilishwa mahali pake, na wengi wetu hatujui kwamba ni wawili. Tunabonyeza hapa, tunabonyeza pale, picha inakuwa mbaya kwa namna mpya, tunasema deki mbovu.

Na diski yenyewe haisaidii sana. Picha ya DVD ya mfumo wetu wa PAL ina nukta 720 kwa 576, iwe ni filamu pana au harusi ya mwaka 2005. Hesabu ni ile ile. Filamu pana imebanwa kwa ubavu ili ienee humo, na kuna alama ndogo kwenye diski inayomwambia msomaji: hii ni pana, ifungue. Msomaji ndiye anayeamua afanye nini, kutegemea umemwambia kuwa ana TV ya namna gani.

Binamu alikuwa amemwambia ana TV ya chogo. Na hakukosea siku hiyo, maana alikuwa ameibeba deki kwenda kwa jirani na kuiunga kwa waya ule wa manjano, nyekundu na nyeupe. Aliporudi hakurudisha. Kwa hiyo msomaji akawa anaiandaa filamu pana kwa ajili ya TV nyembamba, anaishusha kimo na kuipakia mikanda myeusi juu na chini. Kioo kinapokea kifurushi hicho, hakiulizi, kinakitandaza kujaza upana wote. Watu wakawa bapa. Na kama kioo nacho kingekuwa kimewekwa nne kwa tatu, filamu ingezungukwa na weusi pande zote nne, kama stempu katikati ya bahasha.

Kumrekebisha msomaji unaingia SETUP, unatafuta palipoandikwa TV TYPE au TV DISPLAY. Utakuta 4:3 PS (inakata filamu pana ubavuni), 4:3 LB (inaipakia mikanda myeusi) na 16:9. Chagua 16:9, kwa kuwa kioo chako ndiyo TV yako. Binamu alikuwa ameshafika hapo akakuta mstari umefifia, haukubali kuguswa, akahitimisha kwamba mjomba kauziwa deki iliyofungwa. Haijafungwa. Deki nyingi hazikubali kubadilishwa umbo wakati diski ingali inazunguka au imesimama kidogo tu. Ukibonyeza STOP mara moja, inasimama lakini inakumbuka ilipoishia. Bonyeza mara ya pili ndipo isahau kabisa, mstari ukolee. Ikigoma, toa diski.

Rimoti yake, nyembamba kama kadi, ilikuwa imekufa siku nyingi. Betri yake ni ile ya kidonge, CR2025, mafundi saa wanayo. Vitufe vya kwenye deki yenyewe vilitosha.

Filamu ikafunguka. Nyuso zikawa nyuso. Mikanda ikapungua, lakini haikuisha, na hapo ndipo nilipogombana na familia yangu. Filamu nyingi za Kihindi, na za Marekani vilevile, ni pana kuliko hata kioo chenyewe. Upana wake ni mara mbili na theluthi ya kimo chake, wakati kioo hakifiki hata mara mbili. Ili ienee bila kukatwa wala kuvutwa, karibu robo ya kioo lazima ibaki nyeusi. Huo si ugonjwa. Binamu akabonyeza ZOOM kunionyesha kwamba inawezekana, ikajaa kweli, na shujaa akabaki na sikio moja.

Umbo hili la kumi na sita kwa tisa lilizaliwa kama suluhu, kama mzee wa mtaa anayeamua ugomvi wa mpaka. Miaka ya 1980 mhandisi wa Kimarekani, Kerns Powers, alichukua maumbo ya filamu yaliyokuwapo, kuanzia lile karibu la mraba mpaka lile refu kama mkeka, akatafuta moja ambalo yote yangeenea humo bila yeyote kuonewa sana. Ndiyo maana kila mtu anapata weusi kidogo mahali fulani. Nilimweleza binamu hayo yote. Akauliza kama chai imeiva.

Palikuwa na diski ya tatu ambayo sikuitegemea. Harusi ya mwaka 2014, ya kaka, imepigwa kwa kamera mpya. Kwenye deki ya bibi ilikuwa safi kabisa, hata nikajisifu. Lakini binamu akasema kwa jirani watu wa harusi ile wanakuwa kama milingoti. Nikafikiri njia nzima ya kurudi Tanga. Nilipoifungua kwenye kompyuta ya dukani nikaona: aliyeichoma alibana picha pana, kisha akaweka alama kwamba ni nne kwa tatu. Diski inadanganya. Kioo cha bibi nacho hutandaza kila kitu bila kuuliza, uongo wa mmoja ukakutana na ujinga wa mwingine, picha ikatoka sawa. Kwa jirani hakuna wa kutandaza, ndiyo maana wakakonda. Dawa yake ni kubadilisha ile alama tu. Nikanakili diski kwenye kompyuta, nikatumia programu ya bure inayoitwa IfoEdit, nikageuza 4:3 kuwa 16:9, nikachoma upya kwa mwendo wa polepole. Picha yenyewe sikuigusa. Sasa wakiipeleka kwa jirani, wakarudisha msomaji kwenye 4:3 LB, watu wa kaka wanabaki na miili yao. Zile diski za barabarani zenye filamu ishirini ndani ya moja ni habari nyingine. Humo kila filamu imebanwa na mtu wake kwa haraka zake, wala sizihangaikii.

Lakini nimeruka jambo la babu, na ndilo lililonipeleka.

Kwa babu, msomaji hana kosa. Picha yake ni nne kwa tatu halali, wa kuambiwa ni kioo. Kwenye deki ya bibi kuna kitufe cha MODE ubavuni. Ukibonyeza mara ya kwanza unapata mwanga, ya pili rangi, ya tatu umbo, halafu mshale wa kulia unageuza. Nyingine zina kitufe cha peke yake, nyingine unakishikilia kwa muda. Nikabonyeza mara tatu, mshale, na kioo kikajikunja: sentimita 2 za weusi kushoto, 2 kulia, na picha katikati.

Babu akasimama. Akapita mlangoni kwa shangazi yangu mkubwa, na kabla ya kuvuka akainama.

Bibi hakusema kitu kwa muda. Alisogeza uso mpaka karibu na kioo, akakifuta kwa ncha ya kanga ingawa hakikuwa na vumbi.

"Huyo sasa," akasema.

Nikaanza kukunja waya wa chaja. Wapiga dufu wakapita, dufu zao duara kamili, na bibi harusi akatolewa ndani.

"Rudisha," bibi akasema.

"Nirudishe nini?"

"Ule unene. Mwanangu siku ile alikuwa mifupa mitupu, wiki mbili hali kwa mawazo. Watu walisema. Mimi nimeshazoea kumwona amenawiri."

Nikamwambia bibi, kwa adabu zote, kwamba hayo ni yale yale ninayowakatalia wateja. Akaniambia wateja wangu hawakumzaa shangazi yangu. Basi nikamfundisha: tatu, kisha mshale. Kitufe nikakipaka tone la rangi ya kucha, nyekundu, ili asikitafute.

Wiki iliyopita alinibipu. Nilipompigia nikasikia dufu nyuma ya sauti yake. Nikamuuliza hali, akajibu nusu, halafu akanikatiza.

"Ngoja kwanza, mume wetu anaingia."

Nikasikia kitufe: moja, mbili, tatu.