Siku moja maishani mwangu: mhudumu wa mgahawa wa juu ya paa

Saa moja na nusu asubuhi niko juu ya paa na mwenzangu wa zamu. Wageni wanaijua sehemu hii ikiwa na vitambaa vyeupe mezani na jiji lote limelala chini yao. Mimi naijua ikiwa na vumbi la usiku, kinyesi cha ndege juu ya viti na umande uliotuama kwenye mikunjo ya miavuli. Tunafagia, tunafuta, tunapanga.

Saa tatu hadi saa tano ni glasi. Kila moja inapitishwa kwenye mvuke wa maji ya moto, inafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha inainuliwa juani. Kwenye ukumbi wa chini taa hafifu huweza kuficha alama ya kidole. Huku juu jua halifichi chochote.

Saa tano na nusu tunakutana na mpishi mkuu: kipi kipo, kipi kimeisha, nani ana mzio. Tunaonja kila chakula kipya, kijiko kimoja kimoja, kwa sababu mgeni akiniuliza mchuzi ule ukoje sitaki kumjibu kwa kukisia. Saa sita tunafungua.

Watu huniambia kazi yangu ni kubeba sahani. Kubeba sahani nilijifunza kwa wiki mbili. Kilichonichukua miaka ni dakika. Mtu anayekuja kula mchana taratibu, saa mbili au tatu bila haraka, anaweza kusahau saa kwa sababu kuna mwingine anamhesabia. Jikoni kwetu ni ghorofa moja chini, ngazi 22. Wapishi hawaioni meza, kwa hiyo mimi ndiye ninayewaambia waanze chakula cha pili. Nikiwahi, sahani inafika wageni wangali katikati ya hadithi yao. Nikichelewa, wanaanza kutazama huku na huku. Kwa hiyo natazama mikono yao. Uma na kisu vikilazwa pamoja juu ya sahani, mtu amemaliza. Vikiwa vimeachana, anapumzika tu. Haya yote nayafanya kwa mbali, bila kumsimamia mtu kichwani, huku nikiwa na meza nyingine tano.

Saa saba kasorobo waliingia watu wanne wa meza namba 9, iliyopo ukingoni kabisa: mama mmoja wa makamo aliyewaalika wenzake, kaka yake, na vijana wawili. Meza hiyo ndiyo inayogombaniwa kuliko zote kwa sababu ya mandhari. Ndiyo pia inayotupa kazi kubwa kuliko zote, kwani upepo ukigonga ukuta wa jengo refu hupanda juu na kumwagikia pale pale ukingoni.

Walikaa kivulini. Lakini kivuli hakikai. Jua huhama nyuzi 15 kila saa, na kabla supu haijafika lilikuwa begani kwa mama. Nikausogeza mwavuli. Baada ya muda likamfikia kaka. Nikausogeza tena, na mara hii kijana mmoja akabaki juani. Mama akaniambia nilete mwavuli wa pili. Nikaangalia kipima upepo: kilikuwa kinakaribia kiwango chetu cha kufunga miavuli yote ya ukingoni.

"Mama, samahani sana. Upepo ukiongezeka kidogo tu, hata huu itabidi niufunge."

"Mwanangu, mimi nimelipia kukaa hapa, sijalipia kuchomwa na jua."

Nilimwelewa, naye alikuwa na haki ya kutaka kustarehe. Lakini mwavuli ule ni chuma, na ukiruka kutoka paani unaangukia watu wanaopita barabarani. Hilo sibishani na mtu yeyote, awe nani. Dakika chache baadaye nikaufunga. Akakasirika, akaomba wahamie meza namba 4, yenye kivuli cha ukuta. Meza namba 4 ilikuwa na wenyewe wanaokuja saa nane. Nikashuka kwa meneja, nikapanda, nikawapigia simu wale wa saa nane, wakakubali kukaa ndani. Nikahamisha wageni wanne, glasi zao, mikoba yao na supu ambazo sasa zilikuwa zimepoa. Supu zikarudi chini. Mpishi hakufurahi, na sikuwa na muda wa kumweleza.

Ni wakati napokea tena oda yao ndipo mama akasema, kama jambo dogo, kwamba kijana wake hali karanga wala korosho, koo hufunga. Mchuzi wa samaki aliyemwagizia ulikuwa na korosho zilizosagwa. Sikumbuki nilivyoshuka zile ngazi. Ukutani jikoni tumebandika orodha ya vyakula 14 ambavyo sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitajwe kwa mlaji, na njugu za aina hii zimo. Nilimkuta mpishi ameshika kijiko cha mchuzi juu ya sahani. Kukwangua hakutoshi, sahani ile iliondolewa, sufuria na ubao vikabadilishwa, akaanza upya. Nilisimama pale mpaka nikaiona sahani safi kwa macho yangu, nikaibeba mwenyewe, peke yake, mbali na nyingine.

Huko juu meza zangu tano zilikuwa zimenisubiri. Mwingine alitaka bili, mwingine maji, mwingine alikuwa amenyanyua mkono kwa muda ambao naona aibu kuukumbuka. Kuanzia hapo sijui saa zilikwendaje. Nakumbuka kisigino kikiwaka, shati limeganda mgongoni, na sauti yangu ikisema "karibuni tena" kwa watu ambao nyuso zao sizikumbuki.

Meza namba 4 ilikaa mpaka karibu saa kumi na moja. Walimaliza kahawa polepole, vijana wakapiga picha, kaka akasinzia kidogo kitini. Mama alikuwa akicheka, viatu amevivua chini ya meza. Nilipoona viatu vile nilijua mchana wao umekwenda sawa, na uchovu ukapungua. Aliponiaga alinishika mkono, akaniuliza jina langu.

Nikala chakula changu nimekalia kreti karibu na lifti ya mizigo, kwa dakika saba hivi. Kisha nikafungua daftari la zamu na kuwaandikia wenzangu wa jioni: miavuli ya ukingoni imefungwa, msiifungue kabla ya kuangalia kipimo. Na chini yake, kwa siku atakayorudi: mama wa meza namba 9, mpeni ya ukutani, na kabla ya menyu muulizeni habari ya korosho.