Nyumba ya Iyumbu, Dodoma: kabla lipu haijapigwa

Bati limeshakaa na mafundi wa lipu wanaingia wiki ijayo. Kwangu hii ndiyo hatua ya kumaliza mambo ya ndani, maana kitu chochote kinachotakiwa kukaa ukutani kikichelewa sasa, baadaye ni kutindua tu, vumbi na gharama juu yake.

Kazi kubwa ilikuwa ukuta wa magharibi. Jua la Dodoma la saa kumi jioni linakuja limelala, halizuiliwi na paa wala mti mdogo. Kwenye ramani niliyoianzia, sebule ilitazama huko kwa sababu barabara iko huko. Nimeigeuza: magharibi sasa kuna stoo, bafu na kabati la chumba kikubwa. Tofali za ukuta ule zimelazwa, kwa hiyo unene ni inchi 9, halafu ndani yake kabati la kina cha futi 2 linatoka sakafuni mpaka darini. Nguo ndizo zitakazopigwa na joto, siyo kitanda.

Mashelfu yake ni ya zege, sentimita 5, yamechomekwa ukutani tofali zikiwa bado zinapanda. Fundi alinicheka: "Dada, kabati si linanunuliwa tu?" Linanunuliwa, ndiyo, na mchwa wa huku nao wanalisubiri. Mbao itakuwa milangoni peke yake, mninga, yenye mianya ili hewa ipite.

Kaskazini ni hesabu nyingine. Dodoma iko kama digrii 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni jua la adhuhuri linakaa kaskazini, kimo cha kama digrii 60. Slabu ya zege inayotokeza sentimita 90 juu ya dirisha la mita 1.5 inatosha kulifunika lote kivuli saa hiyo. Chini ya dirisha hilo nimejengea baraza ya ndani, kimo sentimita 45, yenye nafasi ya kuwekea vitu chini. Na hapo ndipo pazia lilipoleta ubishi: la kufika sakafuni halitawezekana tena, litaishia kwenye baraza. Boksi la pazia litafichwa ndani ya jipsamu, na fundi wa dari ameshachorewa ukutani kwa chaki.

Ua mdogo kati ya jiko na vyumba nimeuiga kutoka kwenye tembe la Wagogo: vyumba vinazunguka uwanja na migongo inatazama nje. Mimi sina ng'ombe wa kulaza humo. Ila upepo wa kuanzia Agosti, ule wa mashariki unaobeba vumbi, nao ninataka ukutane na mgongo wa nyumba. Kwa hiyo madirisha ya mashariki ni madogo, yako juu, na jiko linapata mwanga wake kutoka uani.

Kazi ya umeme imekwisha: paipu na boksi za soketi ziko ndani ya tofali, pamoja na mbili za pembeni mwa baraza.

Seremala anataka kupima milango ya kabati leo hii. Nimemkatalia mpaka lipu ikauke, kwa sababu kila upande inakula kama sentimita moja na nusu. Amenuna kidogo, nadhani alishaipangia kazi ile advansi.