Wiki sita Karonga
2023 nikiwa mwaka wa pili uuguzi nilivuka mpaka pale Kasumulu kwenda kujitolea Karonga, Malawi, kipindupindu kilishaua watu zaidi ya 1,700 nchi nzima. Mimi wa Kyela, Kinyakyusa changu na Kingonde chao vinaelewana kabisa yaani, kwa hiyo wenzangu toka Ulaya wakisubiri mkalimani mimi niko jikoni na akina mama tunapima maji ya kumnywesha anayeharisha, maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, koroga, mtoto anywe kidogokidogo. Bibi mmoja akaniuliza, mjukuu wangu, hayo maji safi tunayatoa wapi? Pampu ya kisima imekufa. Tukachemsha ya ziwani, ila kuni nazo wananunua jamani. Swali lake bado linaniuma.