Siku moja maishani mwangu: bolti 26 za Jambiani

Saa 11 alfajiri. Nimeswali, nimekunywa chai kwa boflo, na mtoto wa kaka yangu anayejifunza kazi kwangu amekwisha panda gari. Nyuma tumeilaza silinda hedi, ule mfuniko wa juu wa injini, juu ya godoro kuukuu, kama mgonjwa anayerudishwa kijijini. Jana ilishinda mjini kwa mchongaji, kusawazishwa uso.

Injini inayotusubiri Jambiani ni Cummins 6BT ya jenereta: silinda 6, lita 5.9, na hiyo T ndiyo turbo. Mwenye nyumba ya wageni aliinunua wakati ule Unguja ilipokaa gizani karibu miezi mitatu, Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Tangu hapo inafanya kazi umeme ukikatika, na haijapata kuoshwa rejeta hata siku moja. Upepo wa bahari umeijaza chumvi mpaka hewa haipiti. Mwezi uliopita ikachemka. Tangu siku hiyo maji yanatemwa, na mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kabla injini haijapata moto. Hapo huhitaji kipimo: moshi wa silinda umeingia kwenye maji, gasketi inayoziba kati ya bloki na hedi imekwisha.

Saa 2 asubuhi. Tunaanza kusafisha bloki. Mwenye mali anakuja na kikombe chake cha kahawa.

"Fundi, leo si inafungwa tu?"

"Inafungwa, lakini kwa bolti mpya."

"Yakhe, bolti ni chuma. Chuma nacho kinaisha?"

Sikubishana naye. Nikazitoa bolti zile ndefu sita, nikazisimamisha kichwa chini juu ya kioo cha dirisha, nikalaza rula ya chuma juu yake. Mbili zilichomoza kuliko wenzake. Zimevutika na hazikurudi. Tatu nyingine zilikuwa zimeliwa na kutu shingoni. Akainama, akaangalia, akanyoosha mgongo, akapiga simu Dar mwenyewe. Bolti zote 26 zitapanda boti ya asubuhi.

Mpaka zifike kuna kazi ambayo mafundi wengi wanairuka, nayo ndiyo inayoua gasketi. Matundu ya bolti. Nimechukua bolti kuukuu moja, nikaichana mifereji mitatu kwa grainda kufuata urefu wake, nikampa kijana aipitishe kila tundu kwa mkono. Tepu ya kuchongea hesi, yaani zile nyuzi za bolti, siitaki hapa, maana tepu inakata chuma, na mimi nataka uchafu tu utoke. Likatoka tope la kutu na masizi. Tundu moja lilikuwa na oili nusu yake. Bolti ikishuka humo na oili haina pa kukimbilia, bloki inaweza kupasuka. Tukapuliza kwa kompresa, moja moja, kitambaa juu ya tundu ili uchafu usiruke machoni.

"Ami, kwani spana ya toki si itatuambia kama imekaza?"

Swali zuri hilo. Nikamwambia spana ya toki inapima ugumu wa kuzungusha, basi. Katika nguvu kumi unazotia, kama tisa zinaliwa na msuguano, kwenye hesi na chini ya kichwa. Iliyobaki moja ndiyo inayoivuta bolti ikabana hedi. Hesi ikiwa kavu au chafu, spana italia kwa namba ileile na hedi haijabanwa. Aliyefungua injini hii kabla yetu nadhani aliisikia ikilia akaridhika.

Saa 8 mchana. Bodaboda kafika na bolti. Tumekula wali na samaki haraka haraka, tumenawa.

Bolti mbili kuukuu nilizikata vichwa, nikazisimamisha pembeni ziwe viongozi. Gasketi ikashuka kavu, haipakwi chochote, kisha hedi ikateremka juu yake bila kuyumba. Fimbo za valvu na roka, ile mikono inayosukuma valvu, zikakaa mahali pake, kwa kuwa bolti ndefu zinapita humo. Kila bolti imepakwa oili ya injini kwenye hesi na chini ya kichwa.

Unaanza katikati, unazunguka kwenda nje. Zote Newton-mita 90, kisha unarudia 90 ileile. Halafu zile ndefu sita peke yake 120, nazo zinarudiwa. Mwisho zote 26 zinaongezwa robo mzunguko, kila moja ikiwa na alama ya rangi nyeupe kichwani ili usidanganywe na uchovu. Hiyo robo ndiyo inayotoa jasho. Kijana alifika ya kumi na moja, mikono ikaanza kutetemeka, nikampokea.

Saa 11 jioni. Nafasi za valvu: milimita 0.25 kwa za kuingiza hewa, 0.51 kwa za kutolea moshi, injini baridi. Rejeta tulikwisha iosha kwa maji ya kisima, tope jeupe likateremka. Tukatoa hewa kwenye dizeli, tukapiga stata. Ikashika mara ya tatu. Tukaipa mzigo wa mafriji na pampu kwa saa nzima, mizunguko 1500 kwa dakika, na kwenye rejeta hapakuonekana povu.

"Utarudi lini kuzikaza tena?" akauliza mwenye mali. Mwalimu wangu alikuwa akirudi, kwa injini za zamani na gasketi zake. Hizi zinazokazwa kwa pembe, yaani kwa ile robo mzunguko, hazirudiwi. Nitakachorudia ni kuja kuangalia kama rejeta inaoshwa.

Bolti kuukuu nilizikata hesi kwa grainda zote, zisije zikaonekana kwenye injini ya mtu. Babu mlinzi akaomba mbili za komeo la banda lake la mbuzi. Nikamwachia zile zilizovutika, kwa sababu ni ndefu.