Tone la strungi

Mwisho wa 1997, mvua za El Niño zilipoufurisha Mto Tana, nilikuwa luteni mwenye nyota mbili mabegani na hesabu ya mapipa ya mafuta ya helikopta mfukoni. Kambi yetu ya muda ilikuwa upande wa Garissa. Helikopta moja ya injini mbili ilipeleka unga kwa watu waliokwama kwenye miinuko. Ilikunywa mapipa matatu na kitu kwa saa; tulikuwa nayo 18, ya lita 200 kila moja.

Jioni tulipoyapokea niliamuru yasimamishwe wima, safu tatu za sita sita, yahesabike upesi. Sajenti wa mafundi alisema tu, "Afande, haya huwa tunayalaza." Nikamjibu tutayalaza kesho.

Pipa lililosimama hukinga mvua juu, ndani ya ule ukingo wake. Mchana jua hulipasha, hewa ya ndani hutanuka na kupenya nje kwenye nyuzi za kizibo. Usiku linapopoa huvuta pumzi, na wakati huo kizibo kimezama majini. Ukililaza, vizibo viwili vikae usawa mmoja, kulia na kushoto, mafuta huviloweka kwa ndani na maji ya mvua hukosa pa kutuama.

Saa kumi na moja alfajiri sajenti alizamisha bomba la kioo hadi chini kabisa ya pipa la kwanza, akaziba juu kwa kidole gumba, akamimina kwenye chupa. Nikamulika tochi. Hakuna tabaka, hakuna kitone kinachobingirika chini. "Safi," nikasema.

Hakubisha. Alichovya kijiti kwenye kikombe chake cha strungi, chai isiyo na maziwa, akadondosha tone moja. Ndani ya mafuta lingezama kama gololi. Hili lilitawanyika, chupa nzima ikaingia rangi. Yalikuwa maji matupu.

Mtego wenyewe ni huo: jicho hutafuta mstari kati ya maji na mafuta, na sampuli ikiwa maji tupu mstari haupo. Macho hayatoshi basi. Unavuta mililita 5 kwa sirinji kupitia kapsuli yenye karatasi ya njano, na ikianza kugeuka kijani, pipa hilo unalikataa. Na asikudanganye mtu kwamba injini mbili ni bima. Mafuta mabaya yakishaingia, zote mbili zinakunywa yale yale.

Kapteni alitaka kuruka saa kumi na mbili na nusu. Kumkabili ilikuwa kazi yangu, si ya sajenti, maana kitabu cha mafuta kilikuwa na sahihi yangu. Nilimweleza kwamba mapipa yalisimama kwa amri yangu na tungechelewa kwa saa tatu. Aliuliza jambo moja: kuna kilichoingia tangini? Hakikuwepo. "Basi pimeni."

Saa tatu hizo zina hesabu yake. Mapipa yalikuwa yametulia usiku kucha, lakini ilibidi tuyainamishe kwa kipande cha ubao chini ya upande mmoja, na kuinamisha ni kukoroga. Maji hushuka kwa takriban saa moja kwa kila sentimita 30 za kina, na pipa lina karibu 90. Yakishatulia, mrija wa pampu huingia upande ulioinuka, maji yakiwa yamekusanyika ule wa chini, na mafuta ya mwisho kabisa hayavutwi. Kabla ya kufungua mfuniko wowote, waya wa ardhi, wa kuzuia cheche: pipa, pampu, helikopta. Vijana walitaka kuruka hatua hiyo kwa haraka, sajenti akawakata jicho.

Mapipa matano yalikataliwa. Tuliyapiga msalaba mwekundu, yakapelekwa jikoni, na siku ya pili mpishi akaja kwangu kulalamika kwamba jiko linatema.