Nchi Inayoendelea: Uliza Kwanza Orodha ya Nani

Julai 2020 Tanzania ilitangazwa kuingia uchumi wa kati, miaka 5 kabla ya lengo la Dira ya 2025, mpango wake wa maendeleo, na wengi wakadhani imeshaaga kundi la nchi maskini. Haijaaga. Ilipanda kwenye orodha ya Benki ya Dunia. Kwenye ile ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, iliyoanza 1971, bado imo.

Benki ya Dunia hutazama kipato peke yake. Kila Julai 1 huchukua pato la taifa kwa kila mtu, huligeuza kuwa dola kwa wastani wa viwango vya kubadilisha fedha vya miaka 3, kisha hulipima na kizingiti cha kuingia uchumi wa kati. Mwaka ule kizingiti kilikuwa dola 1,036 na Tanzania ilikuwa na 1,080. Dola 44 za mwaka mzima! Shilingi ikiporomoka, nchi yaweza kushuka tena bila kiwanda hata kimoja kufungwa. Kupanda nako kuna vituko vyake: Kenya ilivuka 2014 wanatakwimu walipohamisha mwaka wa msingi, ule unaotumika kukokotoa pato la taifa, kutoka 2001 hadi 2009. Uchumi ulinenepa kwa robo hivi kwenye makaratasi, sufuria zikabaki zilivyo.

Umoja wa Mataifa hupima kila miaka 3, na pamoja na kipato huangalia afya na elimu (vifo vya watoto, udumavu, kusoma na kuandika) na jinsi nchi inavyoyumbishwa na ukame au bei ya zao moja. Kutoka, kwa kawaida, ni kufaulu vipimo 2 kati ya 3, mara mbili mfululizo.

Katika Shirika la Biashara Duniani hakuna kipimo: nchi hujitaja yenyewe kuwa inayoendelea.

Orodha ya Umoja wa Mataifa ndiyo inayogusa mfuko. Aliyemo huuza Ulaya karibu kila kitu bila ushuru, isipokuwa silaha. Kenya haimo. Oktoba 2014, mkataba wake wa biashara na Ulaya ukiwa haujakamilika, maua ya Naivasha yakaanza kutozwa ushuru hadi karibu na Krismasi, huku ya Ethiopia yakipita bure. Ndiyo maana Kenya ilihangaikia mkataba wa peke yake, ulioanza kazi Julai 2024, wakati Tanzania, iliyokuwa tayari ikiuza bila ushuru, haikuwa na haraka ya kusaini mkataba wa aina hiyo. Siku Tanzania itakapotoka orodhani, Ulaya huacha mlango wazi kwa miaka 3 ya mpito.