Kutoka Munyonyo hadi Namugongo kwa miguu

Mahujaji wengi wa Mashahidi wa Uganda, Wakristo, wengi wao vijana wa ikulu, waliouawa kwa ajili ya imani yao, huijua Namugongo peke yake, mahali walipochomwa moto. Hushuka garini Kyaliwajjala, humalizia kipande kilichobaki kwa miguu, husali, huchota maji, kisha hugeuza. Mimi nilianzia Munyonyo, kando ya Ziwa Victoria, kusini mwa Kampala. Anayetaka kuelewa upendo wa wale vijana aanzie huko, kwa maana moto wa Namugongo ulikuwa mwisho tu wa jambo lililokwisha kuamuliwa ikulu.

Tarehe 25 Mei 1886 Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, alirudi kutoka kuwinda viboko ziwani, asiwakute watumishi wake vijana. Mmoja wao, Denis Ssebuggwawo, alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mtoto wa Katikkiro, waziri mkuu. Kabaka alimchoma mkuki, na kesho yake wauaji wakammaliza. Usiku ule kila aliyekuwa ndani ya ua alijua kitakachofuata. Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana, hakutafuta pa kutorokea. Aliwabatiza wakatekumeni (waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo) waliobaki, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka kama 14. Kulipokucha vijana waliambiwa wanaosali, yaani Wakristo, wajitenge upande mmoja. Wakajitenga. Padri Lourdel, mmisionari Mfaransa ambaye Waganda walimwita Mapeera, alikuwapo nje akiomba aonwe na Kabaka, asisikilizwe.

Ukifika kwenye kituo cha hija cha Munyonyo, usikimbilie picha. Kaa, usome mambo haya kwa mpangilio wake, kwa sababu njiani hutapata utulivu tena.

Mwendo wote ni kama kilomita 25 ukipitia katikati ya jiji. Toka saa kumi na moja alfajiri. Ukichelewa, jua la adhuhuri litakukuta Jinja Road, ambako kivuli ni cha kutafuta. Beba maji lita mbili, jozi mbili za soksi, plasta na koti jepesi la mvua, maana mwisho wa Mei mvua za masika huwa hazijaaga. Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvizoea. Kinachowaangusha watu safari hii mara nyingi ni malengelenge kuliko umbali: kiatu kipya, soksi iliyolowa jasho, na ubishi wa kuendelea kutembea wakati kisigino kinawaka. Ngozi ikianza tu kuwaka, simama, kausha mguu, bandika plasta. Lengelenge likishajaa maji usilitumbue barabarani, vumbi litaingia.

Kisigino kinapowaka ndipo unamkumbuka Gonzaga Gonza, mmoja wa mashahidi hao. Alitembezwa akiwa na pingu za chuma miguuni, chuma kikaingia kwenye nyama, na aliposhindwa kuendelea wakamuua njiani tarehe 27 Mei.

Barabara ya Ggaba inakupeleka Kabalagala, kisha mjini. Magari Uganda hupita kushoto, kwa hiyo tembea kulia uyaone yakija. Bodaboda hazifuati kanuni hiyo. Nakivubo, penye uwanja wa mpira na masoko, simu iwe mfuko wa ndani na begi lihamie kifuani. Hapo ndipo Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyewaongoza vijana wa ikulu kabla ya Lwanga, alipouawa tarehe 15 Novemba 1885, baada ya kumkemea Kabaka kwa kifo cha Askofu James Hannington, Mwanglikana aliyeuawa kwa amri ya Kabaka, na kuwakinga wavulana na tamaa za Kabaka huyo. Siku ileile Lwanga alibatizwa, kisha akashika nafasi ya marehemu ya kuwalinda wadogo. Alijua cheo hicho kilimfikisha wapi mwenziwe. Kwangu mimi, ushujaa wake unaonekana zaidi katika miezi ile sita kuliko saa ile ya moto: kila siku alikuwa na nafasi ya kuwaacha, na hakuwaacha.

Old Kampala ni kilima kifupi, hakikupotezei muda mwingi. Ni mahali pa shahidi mwingine, Matia Mulumba, aliyekatwa mikono na miguu tarehe 27 Mei, akaachwa hapo hadi alipokata roho tarehe 30.

Kutoka hapo ni mwendo wa lami tu, Jinja Road hadi Kireka, kisha kushoto kuelekea Kyaliwajjala. Kula kidogo Kireka, usishibe.

Huko Namugongo wale vijana waliojitenga, sasa wafungwa, walisubiri karibu wiki nzima kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Kupaa Bwana, waliviringishwa mmoja mmoja ndani ya mikeka ya matete na kulazwa juu ya kuni. Lwanga alitengwa, akachomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa nyumbani kwa Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mukajanga aliamuru mtoto huyo apigwe shingoni kwanza ili asiungue akiwa hai. Haya yanajulikana kwa sababu wachache waliachwa hai, kama Denis Kamyuka, wakasimulia.

Basilika ya Kikatoliki ina umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki aliyetangazwa mtakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Altare iko mahali pa Lwanga. Usiishie hapo. Tembea hadi Nakiyanja, upande wa Waanglikana, wanaokumbuka mashahidi wao 23: vijana wa madhehebu mawili waliungua pamoja, na anayeona kituo kimoja ameona nusu ya habari.

Ukienda siku yenyewe ya 3 Juni, ingia usiku wa kuamkia. Asubuhi foleni ya ukaguzi ni ndefu, na begi kubwa huzidisha usumbufu. Mtoto mwandikie namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Maji ya bwawa la Namugongo watu huyabeba kwa vidumu. Ukitaka kuyanywa, yachemshe. Kurudi, barabara za karibu hufungwa, hivyo usisubiri gari getini: rudi kwa miguu hadi Kireka, huko ndiko utakakopata usafiri wa kwenda mjini.